Nani atavichora vilima vya Keroka?

Mpe mwanafunzi wa Keroka karatasi na penseli, umwambie akuchoree mandhari ya kupendeza. Aghalabu atakuletea mojawapo ya picha mbili. Ya kwanza ni mbuga tambarare, mgunga mmoja uliojitandaza kama mwavuli, twiga ubavuni mwake na jua kubwa jekundu linalozama nyuma yake. Ya pili ni mlima wenye kilele cha theluji, ziwa la samawati na nyumba yenye dohani, mfano wa zile kalenda zinazotundikwa sebuleni. Keroka hakuna twiga, wala theluji haianguki. Kilichopo ni vilima vilivyofuatana kama mawimbi, mashamba ya chai, migomba, mabati yanayometameta baada ya mvua, na ukungu unaolala mabondeni asubuhi. Hayo yote mtoto huyu huyaona anapokwenda shuleni, na hayo yote huyaacha nje ya karatasi yake.

Kosa si la mtoto. Mkono wake ni mwepesi na jicho lake ni zima. Ila amefunzwa, pasipo mtu yeyote kukusudia kumfunza hivyo, kwamba uzuri una makao yake, na kwamba makao hayo yako mbali na kwao. Ningependa kuwaeleza walimu na wanafunzi wanaosoma safu hii kwamba maradhi haya hayakuanzia Gusii. Yaliwahi kuwashika wachoraji wa Kijerumani wa karne ya 19, watu waliosoma na kubobea katika kazi yao, na baadhi yao wakayapatia dawa. Kisa chao kina faida kwetu.

Mtu akitazama ramani ataelewa kilichowasumbua. Mji wa Berlin uko katika latitudo ya nyuzi 52 na nusu kaskazini mwa ikweta, ilhali Roma iko karibu na nyuzi 42. Mwezi wa Desemba, jua la adhuhuri mjini Berlin hupanda nyuzi 14 tu juu ya upeo wa macho, na mchana wake haufiki saa nane. Mjini Roma jua hilo hilo hufika karibu nyuzi 25. Tena kiangazi cha Italia ni kikavu: mbingu hukaa wazi siku nyingi mfululizo na kuta za mawe hurudisha mwanga, hata kivuli chenyewe kikaonekana kuwa na rangi. Kwa mtu aliyelelewa chini ya mawingu mazito ya kaskazini, kuifikia hali hiyo kulikuwa kama kufunguliwa dirisha katika chumba cha giza.

Aliyewatia wengi hamu ya safari hiyo ni Johann Wolfgang von Goethe, mshairi mkuu wa Wajerumani, aliyezuru Italia kati ya mwaka 1786 na 1788. Kitabu chake juu ya ziara hiyo kilianza kuchapishwa mwaka 1816. Hata kabla ya kitabu hicho kutoka, vijana wa brashi walikuwa wameanza kuivuka milima ya Alps, baadhi yao kwa miguu. Miongoni mwao alikuwamo Joseph Anton Koch, mzaliwa wa Tirol nchini Austria, aliyechunga mifugo utotoni mwake. Koch alifika Roma katika miaka ya 1790, na ndiko alikofariki mwaka 1839. Mkewe alikuwa mwenyeji wa Olevano, mji mdogo uliojengwa juu ya mlima mashariki ya Roma. Kwa ajili yake na ya wenzake, Olevano ukawa kama madrasa ya wachoraji. Kizazi baada ya kizazi walipanda mlima ule, wakaketi mbele ya miamba ile ile na mialoni ile ile, wakachora.

Mapenzi hayo hayakukawia kuwa desturi ya wakubwa. Mfalme Ludwig wa Kwanza wa Bavaria alimwagiza Carl Rottmann achore mandhari 28 za Italia kwenye kuta za ukumbi wa matao uliopakana na bustani ya kifalme mjini Munich. Kazi hiyo ilifanywa mwanzoni mwa miaka ya 1830. Raia wa Munich, huku wamejifunika makoti yao ya baridi, wakawa wanapita wakilitazama jua la Sicilia ukutani. Je, hali hiyo ina tofauti gani na theluji ya Uswisi inayoning'inia sebuleni Keroka?

Hapana budi pia tuseme lile ambalo picha hizo hazikulisema. Uwanda ulioizunguka Roma, ambao wachoraji waliupenda kwa magofu yake na kwa wachungaji wake waliovaa ngozi za kondoo, ulikuwa makao ya malaria. Wale wachungaji walikuwa maskini, na wengi waliugua homa. Katika picha wao ni pambo: wanaegemea fimbo zao huku mwanga wa magharibi ukiwapaka dhahabu. Si kwamba wachoraji walikuwa watu wabaya. Mgeni huona mwanga kwanza, kwa kuwa mwanga ndio uliomleta. Mwenyeji huuona mwanga na pia huiona kazi inayofanyika chini ya mwanga huo. Tulishike jambo hili, maana tutalihitaji tutakaporudi kwetu.

Sasa nieleze ile dawa. Carl Blechen alizaliwa mwaka 1798 mjini Cottbus, akaanza maisha kama karani wa benki. Mwaka 1828 alikwenda Italia, akarudi mwaka uliofuata akiwa na mamia ya michoro ambayo jua lake lilikuwa kali kupita yale yaliyozoeleka. Wengine wangeendelea kuichora Italia kwa kumbukumbu hadi kufa kwao, na wengi walifanya hivyo. Blechen naye aliichora, lakini hakuishia hapo. Karibu na mwaka 1830 alichora kiwanda cha chuma karibu na Eberswalde, si mbali na Berlin. Katika picha hiyo kuna mto uliotulia, watu ndani ya mashua, na nyuma yao majengo ya kiwanda yenye madohani yanayofuka moshi angani. Mahali hapo palikuwa pa kawaida kabisa, mahali ambapo msafiri hangesimamisha gari lake. Lakini jicho lililofunzwa na mwanga wa kusini lilikuwa limejua kuutazama pia mwanga wa nyumbani, pamoja na moshi wake.

Kisa cha Ludwig Richter kitawagusa zaidi walimu. Huyu alizaliwa Dresden mwaka 1803. Mchapishaji vitabu wa mji huo alimgharimia safari, naye akakaa Italia kuanzia mwaka 1823 hadi 1826. Aliporudi alipata kazi ya kufundisha uchoraji katika mji wa Meissen, katika shule iliyohusiana na kiwanda cha vyombo vya kauri. Mshahara ulikuwa mdogo na moyo wake ulikuwa Italia. Miaka ikapita akichora vilima vya huko kutoka katika daftari zake za zamani, akiota siku ya kurudi. Mwaka 1834 alifunga safari fupi kandokando ya mto Elbe, mto wa kwao, hadi upande wa Bohemia. Njiani aligundua, kwa mshangao, kwamba alichokuwa akikitamani kilikuwapo pale pale. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1837, alikamilisha picha ya mashua ikivuka Elbe chini ya ngome ya Schreckenstein. Ndani ya mashua mna mzee anayepiga kinubi, vijana wawili wapendanao, mtoto, msafiri aliyesimama akiitazama ngome, na mvushaji aliyeshika kasia. Ni watu wa kawaida katika kivuko cha kawaida. Picha hiyo iko Dresden hadi leo, na Wajerumani wanaihesabu miongoni mwa picha zao zinazopendwa sana.

Itakuwa si haki nikimsahau Caspar David Friedrich, mchoraji aliyefariki mwaka 1840. Huyu hakukanyaga Italia maisha yake yote. Alibaki na pwani ya Baltiki, ukungu wake, na milima ya Saxony. Leo ndiye anayejulikana ulimwenguni kuliko wote niliowataja. Sisemi hivyo ili kuwakejeli waliosafiri. Blechen na Richter walifaidika na safari zao. Ninachosema ni kwamba safari ilikuwa njia mojawapo ya kufika nyumbani, wala haikuwa ya lazima kwa kila mtu.

Turejee Afrika Mashariki. Sisi nasi tulipata kuwa Italia ya wengine. Wilhelm Kuhnert, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1865, alifika katika koloni la Kijerumani lililo sehemu kubwa ya Tanzania ya leo, kwa mara ya kwanza mwaka 1891. Alirudi mwaka 1905, mwaka wa Vita vya Majimaji, na tena mwaka 1911. Alibeba bunduki na brashi, akawa bingwa wa kuchora simba na tembo mahali wanapoishi. Ustadi wake haukanushiki: nyasi zake zina joto na vumbi lake lina harufu. Lakini picha za namna hiyo, pamoja na filamu na kadi za watalii zilizofuata, zilizoesha ulimwengu kuiona Afrika Mashariki kama mbuga, mgunga na mnyama. Baadaye nasi tukajitazama katika kioo hicho cha mgeni, tukadhani ndiyo sura yetu. Mtoto wa Keroka anapochora twiga, anachora Afrika ya msafiri.

Wala si watoto pekee. Huko Tabaka, katika Kisii hiyo hiyo, yanachimbwa mawe ya sabuni yaliyolifikisha jina la Kisii katika maduka ya Ulaya na Marekani. Mikono inayoyachonga ni stadi kupindukia. Hata hivyo, kwa kuwa soko linataka wanyama wa mbugani, mchongaji huchonga viboko na twiga ambao hawajawahi kupita shambani kwake. Hatumlaumu, maana ada za shule hazilipwi kwa nadharia. Na wapo waliokataa kufungwa na soko. Elkana Ong'esa, mwana wa Tabaka, aliyapa mawe hayo maumbo yatokanayo na fikira zake mwenyewe, na sanamu yake ikasimamishwa katika makao makuu ya UNESCO mjini Paris. Tazama basi: kilichofika mbali kuliko vingine ni kile kilichotoka karibu.

Tunao pia wachoraji waliotuonyesha njia. Mwaka 1937 Margaret Trowell, Mwingereza, alianza kufundisha sanaa huko Makerere, akiwahimiza wanafunzi wachore waliyoyajua badala ya kuiga Ulaya. Mmoja wa waliopitia hapo ni Sam Ntiro, aliyezaliwa mwaka 1923 Machame, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Ntiro alikwenda London kusoma katika chuo cha Slade, na mwaka 1961 akawa balozi wa Tanganyika nchini Uingereza. Lakini popote alipokaa, brashi yake ilikuwa Uchagani: watu wakilima, wakivuna, wakijenga, wakipita baina ya migomba. Picha yake ya mwaka 1956, inayoonyesha wanaume wakimpelekea bibi arusi pombe ya ndizi usiku, ilinunuliwa mwaka 1960 na Jumba la Sanaa za Kisasa la New York. Migomba! Mmea ule ule unaotikisika nyuma ya madarasa ya Keroka, ambao mwanafunzi wetu huuona kuwa haustahili karatasi.

Mwenzake, Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu mwaka 1932, alichora katika kanisa la ukumbusho la Murang'a maisha ya Yesu katika mandhari ya Kikuyu na kwa sura za Kiafrika. Huo ulikuwa mwishoni mwa miaka ya 1950, nchi ikiwa bado na majeraha ya vita vya Mau Mau. Mwaka 1965 alishiriki kuanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa mjini Nairobi, kilichokuja kuunguzwa na moto mwaka 1997. Fundisho lake kuu kwa vijana lilikuwa kwamba kuiga ni kumlaza Mungu usingizi.

Gusii je? Hebu tuuchunguze mwanga wa kwetu kama Wajerumani walivyouchunguza wa Roma. Keroka iko chini ya nyuzi moja kusini mwa ikweta. Jua lake huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na magharibi giza huingia upesi. Saa sita mchana jua huwa karibu utosini, kivuli hujificha chini ya miguu, na vilima huonekana bapa, havina umbo. Mwalimu anayewatoa wanafunzi kuchora saa hizo atawavunja moyo bure. Awatoe asubuhi, jua likiwa bado linachungulia pembeni, ukungu ukiwa bondeni na vilele vikionekana kama visiwa baharini. Au awatoe jioni baada ya mvua, maana mvua za kwetu, zikisukumwa na hali ya hewa ya Ziwa Victoria, hupendelea kunyesha alasiri. Mvua ikikatika, hewa huwa imeoshwa, na jua la magharibi hupenya chini ya wingu na kuyapiga mabati, matope na majani.

Hapo mwanafunzi ataligundua jambo ambalo kopo la rangi halikumwambia: kijani si kimoja. Kilima cha karibu ni kijani kizito, cha pili kimefifia, cha tatu kimekwisha kuwa samawati. Chai yenyewe ina kijani cha njano pale juu panapochumwa na kijani cheusi chini yake. Mgomba una mwingine unaopitisha mwanga, mkaratusi una mwingine wenye majivu. Na kati ya kijani hizo zote kuna udongo wetu mwekundu barabarani. Kuyajua hayo ni elimu ya jiografia na fizikia kama ilivyo elimu ya sanaa.

Na wasichore uzuri mtupu. Hapa ndipo mwenyeji anapompiku mgeni. Mchuma chai asiwe pambo la shamba: tuone uzito wa kikapu mgongoni mwake. Tuone soko la Keroka lenyewe, ndizi zikipakiwa, mama akikunja nguo za mitumba mvua inapoanza, matatu zikigombea abiria kwenye barabara ya kwenda Sotik. Blechen hakuuficha moshi wa kiwanda, nasi hatuna haja ya kuuficha utelezi.

Najua yatakayosemwa. Mzazi atauliza picha italeta unga gani nyumbani. Swali hilo si la kudharauliwa. Katika mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, sanaa ilitahiniwa katika shule za msingi, lakini ilipoondolewa katika mtihani mwanzoni mwa miaka ya 2000, walimu wengi waliiacha, kwa kuwa kisichotahiniwa hakihesabiwi. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, umeirudisha, na katika shule za upili za juu sanaa imewekwa katika mojawapo ya mikondo mitatu. Mlango umefunguliwa kwenye karatasi. Utabaki umefungwa darasani iwapo kipindi cha sanaa kitaendelea kumezwa na marudio ya hisabati. Tena Richter, ambaye nimemtaja, alijipatia riziki na jina kwa kuchora picha za vitabu. Vitabu vya watoto wetu navyo vinahitaji picha, na mara ngapi tumeona ndani yake nyumba na mashamba ambayo mtoto hayatambui?

Mwalimu naye atasema rangi ni ghali. Ni kweli. Lakini makaa yapo katika kila jiko, na udongo mwekundu uliosagwa ukichanganywa na kiini cha yai hutoa rangi ambayo mabingwa wa zamani wa Italia hawangeicheka, maana nao walifunga rangi zao kwa yai.

Iko sababu nyingine kubwa zaidi, nayo inaturudisha Olevano. Mwaka 1873 ile mialoni iliyochorwa na Koch na waliomfuata ilikuwa karibu kukatwa ili mbao zake ziwe mataruma ya reli. Wachoraji wa Kijerumani, wakiongozwa na Edmund Kanoldt, walichanga na kuchangisha fedha, wakakinunua kichaka hicho, kikakabidhiwa kaizari wa Ujerumani ili kihifadhiwe. Miti hiyo ilinusurika kwa kuwa walikuwapo watu walioitazama kwa makini. Aliyekaa saa tatu akichora mti mmoja hawezi tena kuuona kama kuni tu.

Gusii yetu ina watu wengi na ardhi chache. Mashamba yamegawanywa yakagawanywa tena, hadi mengine yamekuwa viwanja. Vinamasi vilivyokuwa vikilea chemchemi vimepandwa mikaratusi, miti inayofyonza maji kwa pupa. Vilima vinakatwa mawe. Mengi kati ya haya yanafanywa na watu wenye shida halisi, wala picha haitawalisha. Lakini jamii isiyo na picha ya nchi yake haina hata namna ya kujua imepoteza nini.

Kwa hivyo natoa pendekezo lisilohitaji bajeti. Kila shule ya Keroka na viunga vyake, iwe upande wa Kisii au upande wa Nyamira, ichague mahali pamoja: kilima, kijito, kona ya soko. Kila muhula wanafunzi waende hapo, saa ile ile, wapachore kama walivyopaona. Michoro iliyo bora iandikwe tarehe na kuwekwa kabatini. Baada ya miaka kumi shule itakuwa na michoro ya mihula 30 ya mahali pamoja, na ndani yake kutakuwa na historia ambayo hakuna mgeni atakayetuandikia. Penseli zipo, na muhula ujao hauko mbali.